Nyiradi, orodha ya majina 99, dua au halaka ya zikri: uanze na ipi?

Mtu anayetaka kuanza kumdhukuru Mwenyezi Mungu kwa majina Yake hukuta njia nne zimefunguka mbele yake. Kuna nyiradi, yaani maneno ya kumtaja Mungu yanayosomwa kwa mpango, za baada ya swala na za asubuhi na jioni. Kuna orodha ya Asmaul Husna, majina Yake mazuri 99, ile inayochapwa kwenye karatasi kubwa za kubandika ukutani. Kuna kuomba kwa jina linaloelekeana na haja. Na kuna halaka ya zikri, duara la watu wa tariqa (njia za Kisufi). Hapa Mwanza kila njia ina watu wake, na kila kundi lina hoja zake. Ushauri wetu kwa anayeanza ni huu: shika kwanza nyiradi ambazo maneno na idadi zake zimethibiti kwa Mtume (S.A.W.), kisha ongeza majina kidogo kidogo pamoja na maana yake. Ukipewa namba na hujui imetoka wapi, usijifunge nayo.

Nyiradi: maneno mafupi, idadi inayojulikana

Baada ya swala ya faradhi, Hadithi ya Abu Huraira katika kitabu cha Imamu Muslim inataja Subhanallah 33, Alhamdulillah 33, Allahu Akbar 33, na kukamilisha 100 kwa "La ilaha illa Llahu wahdahu la sharika lah, lahul mulku wa lahul hamdu wa huwa ala kulli shay'in qadir". Imepokewa pia 33, 33 na 34, na imepokewa 10, 10, 10. Hizi hazigombani. Mwenye nafasi achukue ya 100, ambayo kwa mwendo wa utulivu haizidi dakika tatu hivi. Anayewahi gari au zamu ya kazi achukue ya 30 aimalize vizuri. Hiyo ni bora kuliko kuanza 100 na kuikata njiani kila siku.

Nyiradi za asubuhi na jioni ni ndefu kidogo. Kiasi cha kuanzia kinachotosha ni Ayatul Kursi mara 1, Ikhlas, Falaq na Nas mara 3 kila moja, "Bismillahil ladhi la yadhurru ma'asmihi shay'un" mpaka mwisho wake mara 3, Sayyidul Istighfar (dua kuu ya kuomba msamaha) mara 1, na "Subhanallahi wa bihamdihi" mara 100. Dakika 10 mpaka 15 zinatosha. Ongeza hapo "Ya Hayyu ya Qayyum, birahmatika astaghith", maneno ambayo Mtume alimuusia binti yake Fatima kuyasema asubuhi na jioni. Humo mtu anamwita Mola wake kwa majina mawili na kuomba papo hapo.

Wakati wake bora wa asubuhi ni baina ya Alfajiri na kuchomoza jua, na wa jioni ni baina ya Alasiri na Magharibi. Hapa pana kosa la watu wa Kanda ya Ziwa ambalo lazima lisemwe. Mwanza iko magharibi ya Dar es Salaam kwa zaidi ya nyuzi sita za longitudo, kwa hiyo jua letu huchelewa kwa takriban dakika 25. Kwetu jua huchomoza takriban kati ya saa 12:25 na saa 1:00 asubuhi, na huzama takriban kati ya saa 12:35 na saa 1:10 jioni. Anayefuata adhana ya redio kutoka Dar, au kalenda iliyochapwa kwa saa za huko, anaweza kuswali Alfajiri kabla wakati haujaingia na kufungua saumu jua likiwa bado juu ya ziwa. Nyiradi zina nafasi pana zaidi, lakini swala iliyotangulia wakati wake haisihi. Tumia ratiba ya msikiti wa hapa hapa.

Mwanamke aliye katika hedhi au nifasi asiache nyiradi. Udhu ni adabu nzuri ya dhikri, ila si sharti lake, na siku ambazo haswali, dhikri ndiyo ibada iliyobaki wazi kwake kabisa. Asichofanya mtu yeyote ni kutaja jina la Mungu akiwa chooni.

Nyiradi huharibika kwa haraka. Subhanallah inageuka "subhalla", Alhamdulillah inameza herufi yake ya katikati. Kosa zito zaidi liko kwenye takbira: ukivuta alifu ya mwanzo ukasema "Aallahu" umegeuza tamko kuwa swali, na ukivuta "Akbaar" umetoka kwenye neno "mkubwa" ukaingia kwenye neno lingine kabisa, la ngoma. Kwa wengi wetu tuliokulia lugha zisizotenganisha r na l, "Rabbi" hutoka "Labbi" bila mtu kusikia. Dawa ni kusoma kwa sauti mbele ya mwalimu wa madrasa mara chache, akusahihishe. Sauti ya kwenye simu haikusikii unavyokosea.

Na kwa asiye na dakika 15 kamwe, kama mama anayefika soko la samaki la Mwaloni Kirumba gizani kupokea dagaa, ipo Hadithi ya Juwairiya iliyo kwa Muslim. Mtume alimwacha mkewe huyu akiwa kwenye dhikri baada ya Alfajiri, akarudi jua limepanda na kumkuta palepale. Akamwambia kuwa yeye, Mtume, amesema maneno manne mara tatu, na yakipimwa na yote aliyoyasema tangu asubuhi yangeyazidi uzito: "Subhanallahi wa bihamdihi, adada khalqihi, wa ridha nafsihi, wa zinata arshihi, wa midada kalimatihi." Hayachukui hata dakika moja. Tunapenda sana kumfundisha mtu maneno haya mwanzoni kabisa, maana yanamwondolea ile hofu kwamba dhikri ni ya wastaafu na wanafunzi wa dini pekee.

Orodha ya majina 99

Hadithi ya Bukhari na Muslim inasema Mwenyezi Mungu ana majina 99, mia kasoro moja, na atakayeyahifadhi ataingia Peponi. Hadithi hiyo inaishia hapo, bila kuyataja moja moja. Orodha tunayoiona ukutani inatokana na riwaya ya Tirmidhi, na Tirmidhi mwenyewe aliiita gharibu, yaani iliyopokewa kwa njia moja tu. Wanazuoni kama Ibn Taymiyya na Ibn Hajar walieleza kwamba kuyapanga majina ni kazi ya wapokezi, iliyoungwa na maneno ya Mtume. Orodha hiyo bado ina faida kubwa, kwa kuwa mengi ya majina yake yamo ndani ya Qur'ani. Ila usidhani kuwa jina lisilomo humo si jina Lake.

Mfano wake uko karibu nasi. Anayepanda hospitali ya Bugando kumjulia hali mgonjwa anahitaji dua iliyo kwa Bukhari na Muslim: "Allahumma Rabban-nas, adh-hibil ba's, ishfi antash-Shafi." Ash-Shafi, Mponyaji, hamo katika orodha ya Tirmidhi. Wala Ar-Rabb hamo, jina ambalo Qur'ani inalitaja karibu kila ukurasa. Na katika dua ya Ibn Mas'ud aliyoipokea Imamu Ahmad, Mtume anaomba kwa kila jina la Mungu, na baadhi yake ni yale ambayo Mungu ameyahifadhi Kwake katika elimu ya ghaibu. Kwa hiyo 99 si mpaka wa majina yote.

Ukiamua kuihifadhi orodha, anza na Suratul Hashr, aya ya 22 mpaka 24. Baada ya jina Allah, majina 13 ya mwanzo ya orodha, kuanzia Ar-Rahman hadi Al-Musawwir, yamo katika aya hizo tatu kwa mpangilio uleule. Aliyezihifadhi kwa ajili ya swala keshapata mwanzo wa orodha bila kazi nyingine. Yanayobaki chukua matatu kwa siku, Ijumaa iwe ya kurudia tu. Kwa mwendo huo unamaliza katika wiki tano hivi. Wanaochukua kumi kwa siku hufika mwisho mapema, lakini wengi wao hubaki na wimbo: ukiwaambia waanzie jina la arobaini, hawawezi.

Mahali pa kuteleza panajulikana. Ghaffar na Ghafur, Qadir na Muqtadir, Aliyy na Muta'ali hubadilishana nafasi. Waliyy (Mlinzi wa waja Wake) huchanganywa na Wali mwenye alifu ndefu (Mtawala). Majid yamo mawili, moja lina mvuto katika "Ma" na jingine katika "ji", na ukikosa mvuto umelisoma moja mara mbili. Wajid na Wahid vilevile. Karatasi zilizoandikwa kwa herufi za Kilatini ndizo zinazoharibu zaidi, kwa sababu ha nyembamba, ha ya kooni na kha huandikwa karibu sawa. Al-Khaliq, Muumba, akisomwa kwa ha ya kooni anakuwa mnyoaji nywele. Ukinunua ya ukutani, chukua yenye Kiarabu kikubwa kinachosomeka, hata kama yenye dhahabu na mapambo inavutia kuliko hiyo.

Kuna majina ya jozi pia: Al-Qabidh na Al-Basit, Al-Khafidh na Ar-Rafi', Al-Mu'izz na Al-Mudhill, Adh-Dharr na An-Nafi'. Jozi hizi hazitenganishwi. Kumwita Mungu "Ewe Mwenye kudhuru" peke yake ni kukosa adabu, kwa kuwa ukamilifu wa maana uko katika yote mawili kwa pamoja.

Je, kuisoma orodha nzima kila siku ni uradi uliothibiti? Hatuna Hadithi inayosema isomwe hivyo asubuhi au baada ya swala. Kuisoma kwa kujikumbusha ni kheri. Kumlaumu asiyeisoma hakuna msingi.

Jina linaloelekeana na haja

Suratul A'raf aya ya 180 inatuamrisha tumwombe Mungu kwa majina Yake mazuri, na hapa ndipo tunapoona faida ya kuyajua ilivyo kubwa. Mwenye dhambi humwita Ghafur na Tawwab, mwenye njaa humwita Razzaq, aliyefungiwa mlango humwita Fattah. Mwenye kupanda chombo ana aya ya 41 ya Suratu Hud, "Bismillahi majraha wa mursaha, inna Rabbi la Ghafurun Rahim", maneno ya Nuhu kwenye safina. Kwa msafiri wa kivuko cha Ukerewe au Kamanga hayahitaji kuongezwa kitu. Aliyepatwa na dhiki ana dua ya Ibn Abbas kwa Bukhari na Muslim, "La ilaha illa Llahul Adhimul Halim", mpaka mwisho wake. Na usiku unaotarajiwa kuwa Lailatul Qadri kuna "Allahumma innaka Afuwwun tuhibbul afwa fa'fu anni", ambayo Aisha alifundishwa.

Njia hii haihitaji idadi, wala chombo cha kuhesabia, wala kukaa mahali pamoja. Ndiyo inayomfaa mvuvi wa dagaa anayetoka usiku wa giza na taa zake, mikono yote miwili ikiwa kwenye wavu. Qur'ani inawasifu wanaomdhukuru Mungu wakisimama, wakikaa na wakilala kwa ubavu (Aal Imran 191), na kuhesabu hakukutajwa. Kwa sisi wa vilima vya mawe kuna nyongeza nzuri ambayo watu wengi hawaijui: Jabir anasema katika riwaya ya Bukhari kwamba walipopanda walisema Allahu Akbar, na walipoteremka walisema Subhanallah. Anayeishi juu Igogo au Mabatini ana uradi wake kila anapotoka kwenda kisimani au dukani na kila anaporudi.

Njia hii pia ndiyo inayotekwa haraka na namba zisizo na asili. Mtu ataambiwa asome "Ya Latif" mara 129, "Ya Wadud" mara 20, "Ya Razzaq" mara 308, "Ya Fattah" mara 489, na ahadi ya mali au ndoa inafuata. Namba hizo zinatoka kwenye hesabu ya abjadi, ambamo kila herufi ya Kiarabu ina thamani yake: katika Latif, lam ni 30, ta nzito ni 9, ya ni 10 na fa ni 80, jumla 129. Ni hesabu ya herufi tu. Haikutoka kwa Mtume wala kwa Maswahaba kama uradi. Masheikh wengine wa tariqa huitumia kuwa ni mpango wa mafunzo kwa mwanafunzi wao, na hapo mjadala ni wa kielimu. Akikuuzia mtu namba, au akakwambia ukikosea moja utadhurika, ondoka. Jina la Mwenyezi Mungu halimdhuru anayemwita.

Hitilafu nyingine ni kuita jina bila kuomba kitu. Sema "Ya Razzaqu, urzuqni", au endelea kwa Kiswahili: "niruzuku halali, na unitosheleze nayo". Nje ya swala, kuomba kwa Kiswahili hakuna tatizo, na moyo huwa karibu zaidi na lugha unayoielewa.

Halaka ya zikri

Pwani na bara ya Tanzania zilipokea tariqa ya Qadiriyya kwa nguvu ya wanafunzi wa Sheikh Uways wa Barawa, aliyefariki 1909, na Shadhiliyya kwa njia ya Sheikh Muhammad Ma'ruf wa Komoro, aliyefariki 1905. Katika halaka watu hukaa au husimama kwa duara, khalifa huongoza, na hupandisha kutoka "La ilaha illa Llah" hadi jina "Allah" peke yake, sauti na mwili vikienda pamoja.

Wanaoifuata hutegemea Hadithi ya Muslim kwamba watu hawakai kumdhukuru Mungu ila malaika huwazunguka. Wanaoikataa hukubali kukaa pamoja, ila hukataa muundo. Hoja yao ni Hadithi ya Abu Musa kwa Bukhari na Muslim, ambamo Mtume aliwaambia waliopaza sauti wajihurumie, kwani hawamwombi kiziwi wala asiyekuwepo. Wanaongeza kuwa jina peke yake si sentensi iliyotimia, na nyiradi zote za Mtume ni sentensi. Kwa upande wa pili, Ibn Abbas amepokea kwamba kupaza sauti kwa dhikri baada ya faradhi kulikuwepo zama za Mtume.

Msimamo wetu ni kwamba halaka si mahali pa kuanzia. Anayeingia kabla ya kujua nyiradi hujifunza mwendo kabla ya maneno. Kasi ikipanda herufi huanguka, "Allah" inabaki pumzi tu, na hapo hata wanaoruhusu hawana hoja ya kuitetea. Kipimo cha pili ni Alfajiri ya kesho yake. Halaka ikimalizika saa nane usiku na swala ya faradhi ikapita, faradhi imeuzwa kwa sunna. Faida yake ya kweli ni wenzio: mtu anayeacha kila kitu akiwa peke yake hudumu akiwa na kundi. Anayehitaji kundi bila mjadala huo atafute darasa la msikitini baada ya Magharibi, lenye kusoma na kueleza maana.

Kuhesabu: vidole, tasbihi, kibonyezo, simu

Vidole vinatangulia. Abdullah bin Amr alimwona Mtume akihesabu tasbihi kwa mkono wake, na Yusaira amepokea kwamba vidole vitaulizwa na vitasemeshwa siku ya Kiyama. Namna rahisi ni tatu kwa kila kidole, ukianzia kidole cha mwisho na kuishia gumba. Mkono mmoja unatoa 15, mizunguko miwili 30, na kidole kimoja zaidi kinakupa 33. Wanaopotea hupotea kwenye kugeuka mzunguko, ndiyo maana tunasisitiza kuanzia mahali pamoja kila mara. Kwa 100, hesabu kumi kumi kwa mkono wa kulia na kunja kidole kimoja cha kushoto kwa kila kumi. Vitano vikikwisha, vikunjue kimoja kimoja.

Tasbihi ya shanga ni chombo tu. Ibn Taymiyya hakuikataza kwa mwenye nia njema. Inafaa kwa idadi ndefu na kwa wazee ambao kumbukumbu imepungua. Hesabu shanga kabla ya kulipa, kwa kuwa zipo zenye 31 au 34 zinazouzwa kuwa ni 33. Katika ya 99, angalia kuwa mashahidi wawili (shanga za kutenganisha) wamekaa baada ya 33 na 66. Uzi hukatika kwenye fundo la imamu (shanga ndefu ya mwisho), panapopata msuguano na jasho. Ukikatika, utunge upya kwa nailoni ya kushonea nyavu, inayopita tundu la shanga mara mbili, na ncha uiyeyushe kidogo kwa moto. Shanga za mbao zilizopakwa rangi huchuja zikilowa. Kwa chombo cha majini chukua za plastiki.

Kibonyezo cha kidoleni kinafaa kwa mia na zaidi, ila kitufe cha kufuta huwa karibu na cha kuhesabu, na vingine hutoa mlio msikitini. Simu ndiyo ya mwisho kwetu. Ukilazimika, izime data kwanza, maana ujumbe mmoja ukiingia uradi umekwisha.

Ukikosa siku

Kivuko cha Kigongo kiliwapa wengi muda wa uradi wakisubiri kuvuka. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025, kuvuka ni kwa dakika chache, na uradi ule umehitaji saa nyingine. Uhamishie baada ya swala, mahali ambapo hakuna kitakachouondoa. Uliozoea kuusoma usiku ukikupita kwa usingizi, Hadithi ya Umar kwa Muslim inasema ausomaye baina ya Alfajiri na Adhuhuri huandikiwa kama aliyeusoma usiku. Ukikumbuka baada ya hapo, usome pia, kwa idadi yake ileile, bila kuongeza adhabu ya namba.